Baba yuko wapi sasa, na mdogo wetu aliyebaki ziwani atafufuka na nini?

Swali: "Shikamoo, Mchungaji. Nimezaliwa Rungwe, nimeolewa Iringa. Baba tulimzika nyumbani mwezi wa tatu, na tangu siku ile maneno yananisumbua kuliko kifo chenyewe. Mchungaji wetu wa Moravian alisema baba amelala, anangoja parapanda. Mwinjilisti wa Kipentekoste, rafiki wa familia, akasema baba yuko mbinguni anatuona. Shemeji yangu Msabato akaninong'oneza kwamba baba hajui lolote mpaka Yesu arudi. Mume wangu ni Mkatoliki, anataka baba atolewe misa. Shangazi naye anamwota baba akilalamika baridi, anasema tusipochinja ataleta ugonjwa kwa watoto. Kuna mengine mawili. Baba alikaa miaka mingi bila kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu ya nyumba ya pili. Na mdogo wetu alizama Ziwa Nyasa akivua, hakuonekana mpaka leo. Baba yuko wapi sasa hivi? Na yule asiye na kaburi atafufuka na nini?"

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Umezika mzazi, na hata matanga hayajaisha vizuri umebebeshwa kazi ya kupatanisha makanisa manne. Nitakujibu kwa urefu, maana swali hili nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wa theolojia na wafiwa pia, na ninaamini sisi wahubiri tunalijibu kwa haraka mno pale kaburini. Mimi ni Mlutheri wa Ubena. Nitakuambia wazi ninaposema kama Mlutheri, na ninaposema jambo ambalo Wakristo wote wanalikiri.

Kwanza ujue kwa nini msiba mmoja ulikuwa na sauti nyingi hivyo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka huohuo Walutheri wa Misioni ya Berlin waliingia Unyakyusa kwa upande wa ziwa, kisha wakapanda Ukinga na Ubena. Wakatoliki walijenga Tosamaganga, na tangu 1919 Wamisionari wa Konsolata wakaendeleza kazi Iringa. Kwa muda mrefu ulitosha kutaja kijiji chako ili mtu ajue kanisa lako. Baadaye barabara, shule za bweni na ndoa zikatuchanganya, Wasabato na Wapentekoste wakaongezeka kila wilaya, na leo ukoo mmoja unasoma Biblia moja huku ukiwa na mafundisho manne kuhusu siku inayofuata kifo.

Lakini angalia wanachotofautiana. Wote waliosema nawe kwa jina la kanisa wanatofautiana kuhusu kungoja, yaani hali ya marehemu kati ya kifo na ufufuo. Kuhusu kufufuka hawatofautiani hata kidogo. Muulize shemeji yako Msabato, muulize paroko wa mume wako, muulize yule mwinjilisti: je, baba atafufuka kwa mwili siku Kristo atakaporudi? Wote watasema ndiyo, bila kusita. Hilo ndilo lililo katika Imani ya Mitume inayosomwa Moravian, Lutheri na Katoliki, na ndilo lililoandikwa katika mafundisho ya msingi ya Wasabato. Tatizo letu ni kwamba jambo kubwa tunalokubaliana hatulitaji msibani, na jambo dogo tunalobishania ndilo tunalolihubiri. Mfiwa anaondoka akijua roho "imekwenda juu", basi, kana kwamba habari imeishia hapo.

Habari haiishii hapo. Martha alipofiwa na kaka yake hakumwambia Yesu kwamba Lazaro yuko mbinguni. Alisema anajua atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya Wayahudi wengi wa wakati ule, iliyosimama juu ya maneno kama ya Danieli 12:2, kwamba walalao katika mavumbi ya nchi wataamka. Masadukayo waliikataa, Mafarisayo wakaishika, na Yesu katika jambo hili alisimama upande wa Mafarisayo. Wayunani wengi walifikiri tofauti kabisa. Kwao mwili ulikuwa kama kifungo, na mwenye hekima angefurahi roho yake ikitoka. Ndiyo maana Paulo alipohubiri Athene walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja ufufuo wa wafu, ndipo wengine wakadhihaki. Nani angetaka kurudishiwa mwili?

Mwaka 1955 mtaalamu wa Agano Jipya Oscar Cullmann alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard akisema Wakristo wamechukua wazo la Kiyunani la roho isiyokufa na kuliweka mahali pa ufufuo. Mhadhara ule ulimletea hasira nyingi kutoka kwa wasomaji waumini. Kwa maoni yangu alivuta kamba kupita kiasi, kwa sababu ambayo utaiona hapo chini, lakini alichokionya nakiona kila ninapokaa kwenye turubai la msiba katika nyanda zetu hizi. Tunaongea kama Athene, si kama Martha.

Kristo aliyefufuka hakuwatokea wanafunzi kama kivuli. Aliwaonyesha mikono na miguu, akala kipande cha samaki mbele yao, akamwambia Tomaso aguse. Ndipo Paulo, akiwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, akasema kwamba yaliyompata Kristo ndiyo yatakayotupata, na kama Kristo hakufufuka basi imani yetu ni bure. Watu wakamuuliza swali lako lilelile: wafu wafufuliwaje? Nao huja kwa mwili gani? Akajibu kwa mbegu. Kwetu sisi tunaolima viazi mviringo Njombe jibu lake linaeleweka vizuri sana. Ukifukua shina siku ya kuvuna, kiazi cha mbegu ulichopanda hukikuti kama ulivyokiweka. Kimeoza, limebaki ganda jeusi. Lakini unavyovitoa ardhini vimetoka kwake, ni aina ileile, na sokoni utaviita kwa jina lilelile. "Hupandwa katika uharibifu; hufufuliwa katika kutokuharibika." Paulo hasemi mwili wa zamani utaunganishwa mfupa kwa mfupa kama ulivyokuwa siku ya ugonjwa. Hasemi pia kwamba tutapewa kitu kigeni kisichokuwa sisi. Anasema ni wewe, umebadilishwa.

Sasa nije kwa mdogo wako, maana nadhani yeye ndiye anayekuuma zaidi ingawa umemweka mwisho wa barua.

Yohana katika Ufunuo 20:13 aliandika: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Ameitaja bahari kwa makusudi, na ameitaja kabla ya Mauti na Kuzimu. Watu wa kale waliogopa kufa majini kuliko kufa kwingine, kwa sababu hiyohiyo inayokusumbua: hakuna kaburi, hakuna mahali pa kuweka maua, hakuna uhakika. Yohana anaijibu hofu hiyo moja kwa moja. Maji hayana haki ya kumshika mtu mbele ya Mungu, na Ziwa Nyasa pamoja na kina chake chote halina.

Tena swali hili lilikwisha kujaribiwa kwa ukatili. Mwaka 177, katika mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliuawa kwa imani yao. Waliowaua hawakuishia hapo. Waliiacha miili nje kwa siku kadhaa, wakaichoma, wakayamwaga majivu katika mto Rhône, na walisema kwa nini wanafanya hivyo: ili wafu hao wasiwe na tumaini la kufufuka. Wakristo waliobaki walihuzunika kwa kukosa cha kuzika, wakaandika huzuni hiyo katika barua yao kwa makanisa mengine, lakini hawakuacha kuamini. Baadaye Agostino, Mwafrika aliyekuwa askofu wa Hippo, alijibu hata maswali magumu zaidi, kuhusu walioliwa na wanyama na waliokwisha kabisa kwa moto. Jibu lake ni kwamba aliyemuumba mtu wakati hayupo hashindwi kumrudisha aliyekuwapo.

Kwa hiyo mdogo wako atafufuka na mwili wake. Hilo ni fundisho la makanisa yote uliyoyataja, na sina shaka nalo.

Usikubali lakini mtu akuambie kwamba basi mwili hauna maana na kilio chako cha kutomwona ni upungufu wa imani. Wewe unaishi Iringa, unajua habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alijipiga risasi mwaka 1898 asishikwe na Wajerumani, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka fuvu lake likabidhiwe, na bado halikufika Kalenga mpaka 1954. Waliolipokea hawakuwa wajinga wanaoabudu mifupa. Mwili wa mtu ni mtu, na imani ya ufufuo inalisema hilo kwa nguvu kuliko imani nyingine yoyote ninayoijua. Ndiyo sababu tunaosha maiti, tunavalisha, tunakesha, tunachimba kaburi kwa zamu. Lilia mwili wa mdogo wako bila aibu. Baadhi ya koo huzika shina la mgomba mahali pa aliyepotea. Mimi siwahimizi kufanya hivyo, kwa sababu sioni haja ya kujifanya tumezika. Lakini jina lake liandikwe kwenye kaburi la baba, chini ya jina la baba, pamoja na mwaka aliopotea. Hapo mtakuwa na mahali pa kusimama.

Sasa, kungoja. Baba yuko wapi leo?

Nianze na shemeji yako, kwa kuwa nadhani hamkumtendea haki. Msabato anaposema wafu hawajui neno lolote, anasoma Mhubiri 9:5 kama ilivyoandikwa. Anasoma pia Yesu akisema Lazaro amelala, na Paulo akimwandikia Timotheo kwamba Mungu peke yake ndiye asiyepatikana na mauti. Kwake mtu hana roho inayoweza kuishi kando ya mwili. Mtu mzima hufa, mtu mzima hufufuliwa. Wala si fundisho la kikatili kama lilivyokusikika. Aliyelala usingizi mzito hahesabu saa, hivyo kwa baba yako, Msabato atakuambia, kufumba macho kule Tukuyu, Rungwe, na kuisikia sauti ya Kristo ni jambo moja. Fundisho hili pia linawalinda watu na biashara ya kuongea na wafu, na kwa hilo nawaheshimu. Luther naye alipenda sana kusema juu ya kifo kama usingizi mtamu, ingawa mahali pengine alisema roho katika usingizi huo inakesha na kumsikia Mungu.

Lakini siwezi kuishia hapo alipoishia yeye. Mhubiri huyohuyo, sura ya 12, anasema roho humrudia Mungu aliyeitoa. Paulo akiwa kifungoni aliwaandikia Wafilipi kwamba anatamani "kwenda zangu nikae na Kristo, maana ni vizuri zaidi sana". Kama kifo kingekuwa kutojua kabisa, angesemaje ni vizuri zaidi kuliko kuishi akiwa na Kristo na kumtumikia? Na yule mhalifu msalabani aliambiwa: "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Wasabato husoma neno "leo" pamoja na "nakuambia", yaani leo nakuambia utakuwa nami siku ile. Ni kweli maandiko ya kale ya Kigiriki hayakuwa na alama za mkato. Ila Yesu katika Injili anasema "Amin, nakuambia" mara nyingi sana, na hana desturi ya kuongeza kwamba anasema leo. Marko 14:30 anasema "leo, usiku huu", na hapo leo ni ya jambo litakalotokea, siyo ya kusema kwake. Katika Ufunuo 6 roho za waliouawa zinalia chini ya madhabahu, zinauliza hata lini, zinaambiwa zistarehe bado muda mchache. Hao wanajua, na bado wanangoja. Kwa sababu hizi Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa, katika maandishi yake ya kwanza ya kitheolojia mwaka 1534, alipinga fundisho la usingizi wa roho, na kwa sababu hizihizi nasema Cullmann alivuta kamba kupita kiasi.

Mwinjilisti aliyesema baba yuko mbinguni basi hakukosea kwa sehemu ya kwanza, ikiwa anamaanisha yuko pamoja na Kristo. Alikosea kuishia hapo, kana kwamba baba ameshafika mwisho wa safari. Hajafika. Bado hana mwili wake, bado dunia mpya haijaja. Na kuhusu "anatuona", ningemwomba awe mwangalifu. Watu hunukuu lile wingu la mashahidi la Waebrania 12, lakini mashahidi wale wametajwa ili tuangalie imani yao, na kifungu kinatuambia tumtazame Yesu. Biblia haikusema wafu wetu wanatuangalia jikoni. Usiwaambie wanao kwamba babu anawaona wakikosea. Utawajengea hofu ambayo Injili haikuileta. Wala usiwaambie amekuwa malaika. Wanadamu hubaki wanadamu.

Wakatoliki nao walibishana juu ya hili wao kwa wao. Papa Yohana XXII alihubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu kwa ukamilifu mpaka siku ya hukumu, akapingwa vikali, akaliacha wazo hilo akiwa kitandani mwa mauti mwaka 1334. Mwaka 1336 Papa Benedikto XII akatamka rasmi kwamba waliotakasika wanamwona Mungu hata kabla ya ufufuo. Nakueleza hili ili usidhani ni wewe peke yako, mama wa nyumba moja Iringa, unayepata shida kulielewa.

Mchungaji wako wa Moravian alisema baba amelala. Najua namna watu wa kanisa lake wanavyolishika jambo hili, kwa sababu wana ibada inayolieleza kuliko mahubiri. Tangu mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, Wamoravian wamekuwa wakienda makaburini alfajiri ya Pasaka, kabla ya jua, kumkiri Kristo aliyefufuka wakiwa wamesimama katikati ya wafu wao. Katika liturgia hiyo wanaomba wadumishwe katika ushirika na ndugu ambao tangu Pasaka iliyopita wameingia katika furaha ya Bwana wao. Ona jinsi yanavyokaa pamoja: wameingia furahani, na bado tumesimama makaburini tukingoja wafufuke. Hayo mawili ndiyo jibu langu pia. Baba yuko mkononi mwa Kristo, na bado hajafufuka. Zaidi ya hapo sitakuchorea ramani. Luka 16, habari ya tajiri na maskini Lazaro, wengi huitumia kama ramani ya kuzimu. Mimi naisoma kama mfano wa Yesu wenye onyo kwa walio hai, na nitaurudia kwa ajili ya shangazi.

Umeandika kuhusu nyumba ya pili kwa mstari mmoja tu, lakini naamini ndiyo inayokukosesha usingizi. Unaogopa kwamba "mkononi mwa Kristo" si jibu la mtu kama baba.

Nisikilize vizuri hapa. Kuzuiwa Meza ya Bwana ni nidhamu ya kanisa duniani. Kusudi lake ni kumrudisha mtu kundini, na wazee wa kanisa wanaoitumia wana mamlaka juu ya ushirika wao, hawana mamlaka juu ya kiti cha hukumu. Hakuna kanisa kati ya hayo manne linalofundisha kwamba aliyekufa akiwa chini ya nidhamu amehukumiwa motoni. Paulo aliwaonya Wakorintho wasihukumu neno kabla ya wakati wake, hata ajapo Bwana, atakayeyamulika yaliyositirika ya giza. Wewe hujui baba alisema nini na Mungu usiku ule wa mwisho, na mimi sijui. Je, aliacha kumwomba Mungu? Wanaume wengi wa milimani kwetu wameishi hivyo, wakikaa benchi la nyuma Jumapili, wakiimba nyimbo zote, wakitoka wakati meza inapoandaliwa. Nimewazika. Sikuwatangaza wamefika mbinguni kwa ahadi yangu, maana sina ahadi ya kutoa. Lakini nimewakabidhi kwa yule aliyemwambia mhalifu neno la peponi wakati mhalifu hana hata muda wa kurekebisha chochote. Yeye ndiye atakayemhukumu baba, na ndiye aliyekufa kwa ajili yake. Simjui hakimu mwingine ambaye ningependa kesi ya baba yako iende kwake.

Kinachobaki mikononi mwenu ni wale walio hai wa nyumba ya pili. Wana mama wa kuhurumiwa na watoto wenye urithi wao. Watendeeni haki.

Shangazi yako sasa. Tafadhali msimcheke, wala msimwite mchawi. Kabla ya misioni kufika, wazee wetu walijua kwamba aliyekufa bado ni wa ukoo. Wanyakyusa waliwaita abasyuka, sisi na Wahehe tukasema masoka. Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930, walieleza jinsi desturi za mazishi zilivyokusudiwa kumtenga marehemu na waliobaki ili ndoto mbaya zikome na watu warudi kwenye maisha. Shangazi anatumia lugha aliyorithi kusema kwamba kaka yake hajatulia ndani yake. Yeye ndiye aliyefiwa na kaka, na katika vurugu za mahubiri yenu sijui kama kuna aliyemkalisha chini akamsikiliza.

Kumwota marehemu miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida sana kwa wafiwa, wa dini zote na wasio na dini. Ndoto hiyo si ujumbe wa baba. Katika mfano wa Luka 16 tajiri aliomba Lazaro atumwe kuwaonya ndugu zake watano, akakataliwa: wanao Musa na manabii, wawasikilize wao. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kuwauliza wafu, na mfalme Sauli aliyekwenda kwa mwanamke wa Endori ili aitiwe mfu hakurudi na nafuu yoyote. Baba aliye mkononi mwa Kristo haugui baridi, na hana sababu ya kuwaletea wajukuu zake homa. Mtoto akiugua, mpelekeni hospitali. Kuchinja ili kumtuliza msifanye, hata kwa shinikizo la ukoo. Kuchinja ili ndugu wale pamoja na kumkumbuka, hilo ni karamu, na lisemwe wazi hivyo kabla ya kisu kushuka.

Ila nendeni mkaangalie kaburi. Mlizika mwezi wa tatu, mvua za Rungwe zikiwa zimekolea, na udongo mbichi hutitia. Kama limebonyea au maji yanatuama, lifukieni vizuri, mchimbe mfereji, mpande nyasi, na shangazi awepo mkifanya hivyo, apewe heshima ya kuweka udongo wa kwanza. Mimi ningeongeza ombi moja, kwamba msikimbilie kulijengea marumaru ya gharama. Wamoravian wa zamani waliwazika watu wao chini ya mawe ya usawa, tajiri na maskini sawasawa, na kwa macho yangu ile ni imani ya ufufuo iliyo safi.

La mwisho ni mume wako. Mkatoliki hafundishwi kwamba misa inanunua mbingu, wala kwamba toharani ni nafasi ya pili kwa waliomkataa Mungu. Anafundishwa kwamba aliyekufa katika neema bila kutakasika kikamilifu amekwisha kuwa na hakika ya wokovu, na anasafishwa kabla ya kumwona Mungu, na kwamba sala za walio hai zinamsaidia. Husimama juu ya 2 Makabayo 12, ambapo Yuda Makabayo alichanga fedha kwa ajili ya dhabihu ya askari wake waliokufa, kitabu ambacho sisi Waprotestanti hatukihesabu katika orodha ya vitabu vya Biblia. Kama Mlutheri siliamini fundisho la toharani. Damu ya Kristo inatosha, na sioni Maandiko yakitupa kazi ya kukamilisha utakaso wa marehemu. Hata hivyo utetezi wa Ungamo la Augsburg, hati ya imani yetu Walutheri, wa mwaka 1531 unasema wazi kwamba kuwaombea wafu hatukukataza. Tulichokataa ni misa kuhesabiwa kama malipo kwa ajili yao. Na Monika, mama yake Agostino, alipokuwa akifa Ostia mwaka 387, mbali na kwao Afrika ambako alikuwa ameandaa kaburi kando ya mumewe, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, akaomba jambo moja tu: wamkumbuke madhabahuni pa Bwana.

Kwa hiyo mume wako akitaka misa, mwache atoe nia hiyo, na wewe uende ukakae naye. Anampenda baba mkwe wake, na hiyo ndiyo lugha ya upendo aliyofundishwa. Wakati wa maombi wewe mshukuru Mungu kwa ajili ya baba na umkabidhi kwake, kwa maneno yako. Kisha mwambie naye akufuate nyumbani Pasaka ijayo, pamoja na shangazi, na shemeji pia akikubali, maana katika ibada ya makaburini hakuna neno ambalo Msabato hataweza kulisema amina, isipokuwa moja au mawili. Mfike Tukuyu Jumamosi na mlale huko. Ibada huanza kabla jua halijatoka, na mkisafiri kutoka Iringa siku hiyohiyo hamtaiwahi.